Kasoro, Hitilafu na Kiraka: Kipimo cha Ukamilifu katika Nguo za Kuunga Vipande

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo kila mshonaji analijua kwa mikono yake, lakini ambalo sisi tunaoshughulika na maneno tumelipa nafasi ndogo: ni kiasi gani cha kutokamilika kinachokubaliwa katika nguo iliyoungwa kwa vipande, na ni nani anayekipima. Mfano wetu mkuu ni nguo za mwale za Wakuba wa Kasai. Mfano wa pili, ulio karibu nasi zaidi, ni kikwembe kinachoshonwa kila siku katika mitaa ya Kisangani.

Huenda msomaji akauliza suala la sindano na uzi limeingiaje katika taarifa ya masomo ya Kiswahili. Limeingia kwa mlango wa tafsiri. Wanafunzi wetu wanapotafsiri kutoka Kifaransa maandishi yanayohusu sanaa za nchi yetu, neno moja tu, yaani *kosa*, hubebeshwa mzigo wa maneno manne au matano. Mstari uliopinda ni kosa. Kipande kisicholingana na jirani yake ni kosa. Tundu lililozibwa ni kosa. Rangi iliyobadilika katikati ya kazi nayo ni kosa. Matokeo yake ni kwamba nguo ambayo waliitengeneza watu wenye ujuzi wa hali ya juu huonekana katika Kiswahili kama kazi ya wanagenzi. Kisa hiki si cha wanafunzi peke yao. Vibandiko vya maonyesho na maelezo ya vitabu vya shule huandikwa na watu waliofunzwa katika madarasa kama haya yetu.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya upungufu. Tuanze na *kasoro*. Neno hili, kabla ya kuwa dosari, ni neno la hesabu: husemwa saa tatu kasorobo, yaani saa tatu ikipunguzwa robo. Nguo yenye kasoro, basi, ni nguo iliyopungukiwa na kiasi fulani kinachojulikana. Panakuwapo kwanza kitu kizima akilini, kisha pengo kati ya kizima hicho na kile tulichopewa. Bila kizima hakuna kasoro.

*Hitilafu* ina njia nyingine. Shina lake la Kiarabu ni la kutofautiana, na maana hiyo bado i hai katika kitenzi *kuhitilafiana*: watu wawili wanaohitilafiana hawajakosea, wametofautiana tu. Ni kweli kwamba leo tunasema pia hitilafu ya umeme tukiwa na maana ya uharibifu, lakini maana ya asili haijafutika, na mtafsiri anaweza kuitumia.

Kisha liko *walakini*, neno ninalolipenda kupita yote. Ni kiunganishi kilichogeuzwa kuwa nomino. Mtu akisema kwamba nguo ina walakini, anatuambia kwamba ameisifu moyoni, kisha akasita. Hataji anachokiona, anatuachia nafasi ya kukitafuta. Mafundi wanalichukia neno hili kuliko tusi, na wana haki, kwa sababu halirekebishiki.

*Kombo* na *upogo* ni maneno ya mwelekeo, yaani kitu kimeiacha njia iliyonyoka. *Dosari* na *ila* ni ya waa na aibu, na yote mawili huelekea zaidi kwenye tabia za watu kuliko kwenye nguo. Tutayaacha. La *kiraka* tutalirudia hapo mbele, maana lina historia inayostahili nafasi yake.

Nguo ya mwale na kipande chake

Wakuba ni jumla ya makundi kadhaa, Wabushong wakiwa ndio wenye ufalme, wanaokaa katika nchi iliyo kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua. Makao ya mfalme ni Nsheng, ambayo ramani nyingi huiandika Mushenge. Kazi zao za nguo zilijulikana Ulaya hasa baada ya safari ya Emil Torday, aliyefika huko mwaka 1908 na kupeleka vitu vingi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Zile zenye darizi ya manyoya yaliyokatwa ziliitwa na wakoloni mahameli ya Kasai. Jina hilo limebaki, ingawa hakuna hariri wala pamba ndani yake.

Ili kuelewa swali letu, hatuna budi kuanza na jani. Nyuzi za mwale hutolewa katika kuti changa ambalo bado halijafunguka. Ngozi ya juu ya kila jani huchunwa, hukaushwa, kisha hupasuliwa kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizi hazisokotwi kama pamba, wala haziungwi ncha kwa ncha. Hivyo urefu wa kitambaa hauwezi kuupita urefu wa jani. Mfumaji, ambaye daima ni mwanamume, huketi chini ya kitanda cha kufumia kilichoinamishwa kuelekea kwake, na kinachotoka humo ni kipande ambacho kwa kawaida hakifiki mita moja. Hakuna jora katika ulimwengu huu. Nguo yoyote ipitayo ukubwa wa kipande kimoja ni lazima iungwe, na nguo ya heshima ya mwanamke, iitwayo ntshak, huweza kufikia mita 6 na zaidi, ikazungushwa mwilini mara kadhaa.

Aidha, vipande hivyo havitoki vikiwa na pembe nne za mraba. Kimoja ni kipana kidogo upande wa juu, kingine kimevutika ubavuni. Kabla ya kuungwa hukatwa na kukunjwa pindo, na kila mkato huondoa kitu. Kwa hiyo mshonaji hana mahali pa kuanzia palipo sawa kabisa. Kila nguo ndefu ni mapatano kati ya vipande visivyolingana: hapa huongezwa ukanda mwembamba, pale kipande kirefu hupunguzwa, na ukitazama mstari wa maungio kutoka mwisho mmoja hadi mwingine utauona unapanda na kushuka kama njia ya kijijini.

Jambo la pili ni idadi ya mikono. Patricia Darish, aliyefanya utafiti kwa Wakuba katika miaka ya mwanzo ya 1980 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1989, ameeleza kwamba nguo hizi ni kazi ya ukoo. Wanaume hufuma, wanawake hudarizi, kila jinsi huunga na kushona nguo zake yenyewe, wanaume zao na wanawake zao. Sketi moja ndefu ya kike huweza kugawanywa, kila mwanamke wa ukoo akachukua sehemu, na kazi ikaendelea kwa muda mrefu mno, hata miaka, kati ya kilimo na malezi. Darizi yenyewe hufanywa bila kuchorwa kwanza. Mwanamke ana michoro kichwani, na huiendeleza kwa jicho. Monni Adams, katika makala yake ya mwaka 1978 kuhusu darizi za Wakuba, alisisitiza jinsi mchoro unavyoweza kuanza kwa namna moja na kugeuka taratibu kuwa namna nyingine ndani ya kipande kimoja.

Sasa vipande hivyo vinapokutanishwa, tunategemea nini? Mistari ya mwanamke wa kwanza haiishii pale inapoanzia mistari ya wa pili. Upana wa mistari umetofautiana, pembe zake hazifanani, pengine hata mchoro ni mwingine kabisa. Nguo hushonwa hivyo hivyo. Hakuna anayefumua kazi ya mwenzake ili ifuatane na yake.

Hapa ndipo neno *kasoro* linapotushinda. Kasoro ingekuwapo kama pangekuwa na mchoro mmoja mzima ambao nguo imeshindwa kuufikia. Mchoro huo haukuwapo kamwe, wala katika karatasi wala katika kichwa cha mtu mmoja. Kilichopo katika mstari wa maungio ni hitilafu kwa maana yake ya asili: watu wawili wametofautiana, na tofauti yao imeshonwa ikaonekana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Tazama nguo zenyewe, au hata picha zilizopigwa kwa karibu. Kila pindo limekunjwa ili nyuzi zisichomoke. Mishono ni midogo na imekazwa. Katika darizi ya mahameli, uzi hupitishwa chini ya nyuzi chache za kitambaa na kukatwa pande zote mbili bila fundo. Kinachoushika ni ubanaji wa ufumaji peke yake, kwa hiyo kitambaa kilicholegea kingeacha manyoya yadondoke. Mshono unaofumuka na ufumaji uliolegea havina msamaha. Uvumilivu wote unahusu mahali mchoro unapokutana na mchoro. Hauhusu mahali uzi unapokutana na uzi. Mtu anayetazama kwa mbali huona ulegevu wa mchoro na kudhani fundi ni mlegevu, ilhali fundi huyo amebana kila kitu ambacho kikiachia nguo itakufa.

Tundu na kiraka

Kitambaa cha mwale kikitoka kitandani ni kikavu na kigumu. Ili kiweze kuvaliwa hulainishwa kwa kuloweshwa, kusuguliwa na kutwangwa katika kinu. Kila aliyewahi kutwanga kitu anajua kitakachofuata: mchi hauchagui. Kitambaa hupata matundu hata kabla ya kuvaliwa mara moja. Matundu hayo huzibwa kwa viraka, na kulingana na maelezo yaliyokusanywa kwa Wakuba wenyewe, hapo ndipo ilipoanzia sanaa ya viraka vya mapambo. Kiraka kimoja cha umbo la duara au mkia au herufi L kikiwa peke yake katikati ya nguo huonekana kama kovu. Hushonwa basi kingine karibu yake pasipo tundu lolote, na cha tatu, hata uso mzima ukajaa maumbo yanayoelea, hakuna awezaye kutambua kwa macho ni lipi linaloficha tundu na ni lipi la urembo. Ni kuigeuza nguo tu kunakofichua siri.

Mpangilio wa viraka hivyo haufuati vipimo, na hauwezi kuvifuata, kwa kuwa vile vya kwanza vilipangwa na mchi. Mshonaji amepewa nukta tatu au nne ambazo hakuzichagua, na kazi yake ni kuzifanya zionekane kana kwamba alizichagua. Wachoraji wa Ulaya waliovutiwa na nguo hizi, Henri Matisse akiwa mmoja wa waliozikusanya, waliona uhuru wa mkono. Ulikuwapo, lakini ulitanguliwa na ajali.

Turudi kwenye neno. *Kiraka* huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya kipande cha nguo cha kuzibia. Hapa kwetu wengi hutamka *kilaka*, wingi *bilaka*. Katika Kiswahili cha kawaida neno hili limebeba umaskini: mtu wa viraka ni fukara, na kazi ya viraka ni kazi isiyo na mpango. Lakini waandishi wa michezo wa Tanzania wamelipa maisha mapya. *Mchezaji kiraka* kwao ni yule anayeweza kuzibwa nafasi yoyote uwanjani, beki leo na kiungo kesho, na ni sifa. Mwelekeo ni ule ule wa nguo ya mwale: kilichoanza kwa kuziba pengo kimekuwa ustadi. Kwa hiyo mtafsiri asiogope kuandika *viraka* anapoeleza ntshak. Neno linafaa, mradi sentensi inayolizunguka isilirudishe kwenye ufukara.

Mafundi wa magome ya miti nao wana viraka vyao. Katika Buganda, ambako gome la mutuba hutwangwa mpaka likawa nguo, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, pale tawi lilipokuwa limechipuka hubaki tundu. Sehemu hiyo huzibwa kwa kipande cha gome hilo hilo na kushonwa kwa unadhifu. Kiraka hapo hakijawa pambo kama kwa Wakuba. Kinakubalika, kinaonekana, na nguo inaendelea kuitwa nzima. Wambuti wa msitu wa Ituri, ambao hadi mwaka 2015 walikuwa katika jimbo moja nasi la Orientale, hutwanga magome pia, na wanawake wao huyachora. Michoro yao hukatika na kuanza upya kwa namna inayohitaji makala yake yenyewe.

Nani mwenye kupima

Nguo bora za Wakuba zilishonwa kwa ajili ya maziko. Kwa maelezo ya Darish, maiti asiyevikwa mwale ni kama aliyezikwa uchi, na jamaa zake waliotangulia hawatamtambua. Ukoo hutoa nguo katika hazina yake, maiti huvikwa mbele ya watu, na watu hutazama. Kisha nguo ya miaka mingi huingia kaburini. Hii ndiyo siku ya kupimwa, na wapimaji ni wale wale waliodarizi au ambao mama zao walidarizi. Wanajua sehemu ipi ni ya nani. Mtu anayeweza kusema hapa ni mkono wa shangazi, pale ni mkono wa marehemu bibi, hana haja ya mistari kufuatana. Kama ingefuatana yote, asingeweza kuwataja.

Mpimaji wa aina nyingine kabisa ni mwanahisabati. Mwaka 1971 Donald Crowe alichapisha uchunguzi wa michoro ya Wakuba kwa kutumia nadharia ya ulinganifu. Kwa michoro inayojirudia katika ukanda mmoja, hisabati inaruhusu aina 7 tu. Wakuba wanazo zote 7. Kwa michoro inayojaza uso mzima, aina zinazowezekana ni 17, alizikuta 12. Matokeo haya hutajwa mara nyingi kwa fahari, na inastahili. Ila lisisahaulike sharti lake. Ili kusema kwamba nguo fulani ni ya aina fulani ya ulinganifu, mchunguzi hana budi kusamehe mistari iliyopinda, pembe zisizo sawa na mapengo yasiyolingana. Angeipima nguo kwa rula bila huruma, asingepata ulinganifu wa aina yoyote. Mwanahisabati naye, basi, ana kiasi chake cha kutokamilika anachokikubali, na anakikubali kimya kimya.

Kikwembe cha Kisangani

Mtu aliyesoma hadi hapa anaweza kukata shauri kwamba sisi Wakongo hatujali vipande kulingana. Aende basi kwa fundi yeyote wa Makiso au Mangobo siku ambayo mama mmoja anakuja kuchukua libaya yake. Atamwona mama huyo akiishika nguo mabegani, akiivuta mbele ya mwanga, akitazama kwanza kifuani. Ndege aliyechapwa katika kikwembe asiwe amekatwa kichwa na mshono. Duara kubwa liwe katikati, lisiangukie ubavuni. Maua yasisimame kichwa chini upande wa mgongo. Kama kuna ndege wawili mbele, watazamane. Akikuta upande mmoja umepanda kwa vidole viwili kuliko mwingine, nguo haitoki dukani siku hiyo bila maneno.

Kwa nini ukali huu, ilhali Mkuba aliyejaa fahari huvaa vipande visivyofuatana? Sababu haiko katika tabia za makabila. Iko katika kitambaa. Kikwembe, kiwe kimetoka Helmond katika kiwanda cha Vlisco, kiwe kilichapwa hapa hapa na SOTEXKI, kiwe cha Kichina, ni kitambaa cha kiwanda. Mchoro wake hujirudia kwa umbali ule ule toka mwanzo wa jora hadi mwisho. Kitambaa cha namna hii kinatoa ahadi, na mshono usiolinganisha unaivunja. Hapa kizima kipo, tena kila mtu amekiona dukani kabla ya kukatwa, na kwa hiyo hapa neno *kasoro* liko mahali pake. Kipande cha mwale hakikuahidi chochote zaidi ya ukingo wake.

Lakini ahadi hiyo ina bei, na bei hulipwa kwa kitambaa. Ili maua ya upande wa kushoto yafuatane na ya upande wa kulia, fundi hulazimika kukisogeza kigezo juu au chini mpaka akute mahali mchoro unaporudi, na kile kilichopitwa huwa mabaki. Mchoro mdogo hupoteza kidogo. Mchoro mkubwa, wenye kujirudia baada ya nusu mita au zaidi, huweza kula sehemu nzima. Jora la kawaida la mwanamke ni yadi 6, yaani vikwembe vitatu, na katika hizo hutakiwa libaya, sketi na cha kujifunga juu. Wengi hutaka pia nguo ya mtoto. Hapo fundi mwaminifu huweka mkasi chini na kuuliza: “Mama, tulinganishe maua, ama tubakishe ya mtoto?”

Swali hilo ndilo kiini cha suala letu kwa upande wa mjini. Mama akichagua mtoto, maua yatapishana ubavuni, na hatakuwa na haki ya kulalamika. Kutolingana kwa ubavuni kumenunuliwa kwa gauni dogo. Fundi asiyeuliza, akakata kwanza na kueleza baadaye, ndiye anayegombana na wateja, kwa sababu kilichokatwa hakiungiki tena na mteja hana fedha za jora la pili. Kiasi cha kasoro kinachokubaliwa hupangwa kabla ya mkasi. Hupangwa pia kwa sehemu za mwili: kifua hakisamehewi, mgongo husamehewa kidogo, ubavu chini ya mkono husamehewa sana, na ndani ya pindo hakuna anayeuliza. Jambo moja linabaki lile lile la Nsheng: mshono ukifumuka siku ya sherehe, hakuna mapatano yatakayomwokoa fundi.

Wako wanaolieleza suala hili kwa dini. Kuhusu Waamishi wa Marekani, wanaojulikana kwa mifarishi yao ya vipande, husimuliwa kwamba kila mfarishi hutiwa kosa moja makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu. Hadithi hiyo hiyo husimuliwa kuhusu mazulia ya Uajemi. Wanahistoria wa mifarishi wameitafuta desturi hiyo kwa Waamishi bila kupata ushahidi wa kuitegemeza, na mshonaji yeyote atakuambia kwamba makosa huja yenyewe bila kualikwa. Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Alabama. Wanawake wa huko walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, mistari ikiyumba kwa namna ambayo mwaka 2002 iliwekwa katika jumba la makumbusho la Houston na kusifiwa kuwa sanaa kubwa. Hata hivyo, baada ya ushirika wa Freedom Quilting Bee kuanzishwa katika wilaya yao mwaka 1966 na kuanza kuyauzia maduka makubwa, wanunuzi walidai kila kipande kifanane na mwenzake, na washonaji walishona hivyo. Kwa kitanda cha nyumbani mkono ni ule ule. Kwa duka, kipimo ni kingine.

Tukirudi darasani, ninaona tumekuwa na ukali wa kikwembe juu ya nguo ya mwale. Mwanafunzi wa Kisangani anayeandika *bitabu* kwa *vitabu* katika mtihani wa Kiswahili Sanifu amevunja ahadi ya kitambaa cha kiwanda, na kalamu nyekundu ina haki yake. Mwanafunzi huyo huyo akinukuu usemi wa bibi yake wa Kabondo, ambamo Kiswahili na Lingala vimeunganishwa katika sentensi moja, kalamu ile ile haina kazi. Mshono anaouona mwalimu hapo ni mahali mikono miwili ilipokutana. Cha kupima ni kama umekazwa.

Kwa upande wa istilahi, tunapendekeza kwamba *kasoro* itumike pale tu ambapo kipo kielelezo kizima kinachojulikana na mshonaji na mvaaji. *Hitilafu* itumike kwa tofauti kati ya vipande vya mikono mbalimbali. Na *kosa* libaki kwa mshono usioshika. Bado hatuna neno moja linalotosheleza kwa ule mstari wa maungio ambapo michoro miwili hukutana bila kulingana. *Mshono* hutaja uzi tu, na *kiungo* ni kipana mno. Mafundi wa hapa huuita *fasi ya kukutana*, jambo linaloeleweka mjini lakini lisilojulikana mbali. Wasomaji wa Bunia, Bukavu na Lubumbashi wenye neno lililozoeleka kwa mafundi wa kwao wanaombwa walilete, pamoja na maelezo ya nguo ambayo kwayo hutumika.